Fundi Taa Katika Kikundi cha Wapenda Giza

Nyinyi vijana wa kikundi cha Macho Juu mnanichekesha. Maisha yangu yote ya kazi nimepigana na giza. Nimelipwa kulifukuza, nimeunguza nyusi kwa ajili yake, na leo mmeniweka kwenye simu zenu kama mlezi wa watu wanaolitafuta giza kwa udi na uvumba. Mwalimu Consolata aliponiomba niwaandikie kumbukumbu za kazi yangu, nilimuuliza: kazi ipi, ya taa au ya nyota? Akasema, "Zote, Mzee. It is one story." Mwalimu huyu anafundisha Nyamyumba lakini alikulia Uganda, na akichoka Kiswahili anapumzika kwenye Kiingereza. Mimi nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, ndiyo maana wavuvi wa hapa Rubona, upande wa Rwanda, wanasema Kiswahili changu ni cha taarifa ya habari. Haya basi, kaeni msikilize taarifa ya habari.

Nilikuwa fundi wa taa za wavuvi wa sambaza pale bandarini. Najua siku hizi kikundi chetu kina hata watu wa Kigali, ambao sambaza wanaijua ikiwa kwenye sahani tu, kwa hiyo nieleze. Samaki hawa wadogo wanavuliwa gizani kwa taa. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unateremshwa, taa inawashwa juu ya maji, sambaza wanapanda kufuata mwanga, wavu unainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, kwa sababu ziwa zima limeng'aa na samaki hana sababu ya kuja kwako. Siku hizo wavuvi wanabaki nyumbani kushona nyavu na kugombana na wake zao, na mimi ndipo nilipokuwa naletewa taa za kutengeneza.

Mengi nitakayowaambia yanarudi kwa mtu mmoja, Baba Furaha, kwa hiyo nianze na shida yake.

Baba Furaha alirudi kutoka Kongo akiwa kijana, na tangu ndevu zake zikiwa nyeusi alikuwa kapita, yaani mkuu wa timu ya mitumbwi mitatu. Kwetu kapita ndiye anayeanzisha wimbo. Wakitoka na wakirudi, yeye anaimba mstari kwa Kinyarwanda, wapiga kasia wanaitikia, na kasia zote zinaingia majini pamoja. Sasa, watu wakimchoka kapita hawaiti mkutano wala hawamtukani. Hawamwitikii tu. Anaimba, wao wanapiga kasia kimya. Siku ya kwanza unaweza kusema wamechoka, siku ya pili wana mafua. Ikifika wiki, kila mtu ufukweni amesikia ule ukimya, na kapita mwenyewe anajua la kufanya: anampa mwingine nafasi yake ya mbele, na yeye anarudi kupiga kasia, au anaacha ziwa kabisa.

Msimu ule sambaza walikuwa wachache. Timu nyingine zilipata kidogo, ya Baba Furaha ilipata kidogo zaidi, na watu wake walikuwa wameacha kumwitikia. Kulikuwa na kijana mmoja kwenye timu hiyo, Toussaint, mabega kama mlango, sauti nzuri, na tayari watu walikuwa wamemsikia akijipigia wimbo peke yake akiosha mtumbwi. Mimi niliumia. Nilimjua Baba Furaha miaka mingi, na nilijua kwamba huyu hawezi kurudi nyuma kupiga kasia. Angekaa nyumbani, na nyumbani angekauka.

Jioni moja akaja kwangu. Nilikuwa nimeshastaafu, duka nimemwachia binti yangu, lakini bado nakaa mlangoni kumkosoa. Furaha, mtoto wake, yuko kwenye kikundi chetu, na alikuwa amemsomea tangazo la Mwalimu Consolata: kwamba mwezi mpevu unaokuja utapatwa, utaingia kwenye kivuli cha dunia mapema tu baada ya jua kuzama.

"Fundi," akaniambia, "Furaha anasema mwezi itakufa. Ni ya kweli ao ni mambo ya WhatsApp?"

"Ni kweli. Hautakufa, utapita kivulini. Zaidi ya saa nzima utakuwa mwekundu, giza litaingia."

Akakuna ndevu.

"Bon. Kama giza iko, taa itaita samaki. Na siku ya mwezi mukubwa hakuna ekipe, hakuna timu ingine kwa maji. Donc ziwa yote ni yangu."

Nawaambia ukweli, nilibaki mdomo wazi. Kwenye ukurasa wetu wa dunia, ule wa wapenda nyota wa nchi zote, watu walikuwa wanajadili wiki ya pili sasa watapigaje picha kupatwa kule. Wengine watatumia lenzi gani, wengine watapanda mlima gani. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria kuvua samaki ndani yake.

"Uko na hakika?" akaniuliza. "Nikipeleka batu kwa maji siku ya mwezi mukubwa, na mwezi ikatae kufa, ile njo mwisho yangu."

Hapo ndipo nilipojiuliza kama kweli ninao uhakika, na unatoka wapi. Na nyinyi nawauliza kila siku swali hilohilo mnaponitumia mambo mliyoyaokota mtandaoni.

Uhakika wangu wa kwanza haukutoka mtandaoni, ulitoka kwa Mzee Karoli, Mungu amrehemu, aliyenifundisha kazi zama za karabai. Nyinyi mnajua taa za betri na balbu ndogondogo. Karabai ilikuwa ya mafuta ya taa: unaipiga pampu, inavuma, na kile kisoksi chake kinawaka hadi huwezi kukitazama. Ilikuwa na hasira ile taa. Usipoipasha moto vizuri kabla ya kufungua mafuta inakurukia usoni, na nyusi zangu zilichukua muda mrefu kunisamehe. Karoli alikuwa akiniambia fundi anayejua taa tu ni nusu ya fundi, ajue na mwezi unachomoza saa ngapi, kwa sababu mvuvi hanunui taa, ananunua giza lililobaki. Alipima kwa ngumi. Nyoosha mkono mbele, kunja ngumi, fumba jicho moja: ngumi moja juu ya kilima ni karibu dakika arobaini za mwendo wa mwezi. Jaribuni leo. Mkono mrefu una ngumi kubwa, mfupi una ndogo, kwa hiyo inamfaa mtoto na inamfaa mtu mzima, na haihitaji bando.

Halafu ikaja saiba, yaani duka la intaneti, ya kwanza mjini Gisenyi. Nilipanda minibasi na kisanduku changu cha vifaa, nikamwambia kijana wa pale nitafutie mwezi. Akanitazama vizuri kabla ya kuuliza mwezi gani. Tukaupata ukurasa unaoonyesha kuchomoza kwa mwezi kila siku. Nilifurahi mpaka nikamnunulia soda. Nikarudi Rubona na karatasi yake, nikawatangazia wavuvi kwamba habari ya ngumi imekwisha, sasa tuna sayansi. Siku ya kwanza mwezi ukatokea nyuma ya kilima mapema kabisa, watu ndio kwanza wanateremsha wavu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu wavuvi wakaanza kunisalimia kwa ngumi juu. Nilirudi mjini nimenuna, na kumbe ukurasa ule ulikuwa umewekwa kwenye mji mmoja wa Ulaya, kwa sababu hakuna aliyeuambia kwamba tuko Rwanda. Sura ya mwezi ni moja kwa dunia nzima, ukiwa mpevu hapa ni mpevu na huko, lakini kuchomoza kila mtu ana kwake. Kwa hiyo nasema, na nitarudia mpaka mnichoke: kabla hujaamini chochote kwenye programu ya nyota, iambie uko wapi, halafu hakikisha saa yake ni saa ya hapa na si ile saa ya dunia wanayoitumia wataalamu. Ile iko nyuma yetu saa mbili. Kuna kijana humu ndani, simtaji, aliyewatoa shangazi zake wawili nje kwenye baridi ili waone vimondo, saa mbili nzima kabla havijaanza.

Kwenye ukurasa wa dunia niliingia kwa ajili ya mwezi, nikabaki kwa ajili ya ubishi. Lugha yao ni Kiingereza, na mimi Kiingereza changu ni cha kwenye maboksi ya betri. Nilianza kwa picha. Niliweka picha ya ziwa gizani, taa za mitumbwi zimetawanyika kwenye maji, nikaandika maneno mawili kwamba hii ndiyo kazi yangu. Asubuhi nikakuta mtu mmoja wa kaskazini kabisa huko, mpole kweli, amechora mistari akaunganisha taa zangu moja kwa moja, anauliza wenzake hili ni kundi gani la nyota maana kwao halionekani. Alidhani ni anga la kusini. Wenzake nao wakashindana kukisia. Ilibidi niseme: ndugu zangu, ile ya kwanza ni timu ya Baba Furaha, ile iliyojitenga ni mtu ambaye betri yake nilimwambia abadilishe. Tangu siku hiyo linaitwa Kundi la Sambaza, na mpaka leo mtu akipiga picha ya taa zozote kwa makosa anaambiwa ameona Sambaza.

Lakini hawakucheka wote. Mwingine aliandika kwamba taa kama zangu zinachafua anga. Nikakasirika. Mimi, mtu ninayefua shati kila siku, naambiwa nachafua anga. Nilijibu kwa Kiswahili, kwa sababu hasira haisubiri tafsiri. Na hapo katikati ya watu wa nchi zote, nikajibiwa kwa Kiswahili: "Pole, ndugu yangu. Huyo hajui dagaa." Alikuwa Mzee Hamisi wa Kigoma, fundi mashine za boti mstaafu, anayependa sayari kuliko chakula. Kwao, ziwa Tanganyika, wanavua dagaa kwa taa kama sisi tunavyovua sambaza. Alitufasiria pande zote mbili. Akawaambia wale kwamba taa hizi ni ugali wa watu, na mimi akaniambia kwa siri, "Lakini na wewe fundi, taa yako inamulika juu kwa nini? Samaki wako mbinguni?"

Sikulala vizuri. Kesho yake nilichukua mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaukata, nikaivisha taa kama kofia. Mwanga wote ukashuka majini. Wavuvi walisema taa imekuwa kali zaidi, na haikuwa kali zaidi, ni ileile, ila tulikuwa tunaimwaga nusu yake hewani bure. Nilitengeneza kofia nyingi sana baada ya hapo. Kama leo mnaweza kusimama Nyamyumba mkaona ule mkanda mweupe wa nyota, sehemu ya shukrani iende kwa mikebe.

Ushauri wa mtandaoni mwingine msiuchukue mzimamzima. Mwalimu Consolata alipopata darubini ya kwanza ya kikundi, maelekezo yalisema tuilenge kwenye nyota ya kaskazini. Hapa kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho, utaitafuta hadi utoe mvi. Wakasema basi tumieni dira. Dira ya simu tukaisogeza hatua chache juu ya mawe meusi ya volkano, ikahamisha kaskazini. Tukasogea tena, ikahamisha tena. Mwalimu akawa anaandika kwenye ukurasa kuomba msaada, watu wanamtumia mahesabu, na mimi nimekaa kwenye jiwe namtazama.

"Mwalimu, unatafuta kaskazini?"

"Yes, Mzee, please, usinicheke."

"Nyiragongo ile pale."

Mlima uko moja kwa moja kaskazini mwetu, na siku zile ulikuwa unawaka, wekundu wake uko juu ya mawingu. Tukailenga darubini huko, kazi ikaisha. Mtu wa ng'ambo asingeweza kutuambia hilo, hana lawama.

Na safari ya kwanza ya kikundi je, nani anaikumbuka? Tulikwenda kuangalia sayari kando ya chemchemi za maji moto, kwa sababu mtu alisema tutapata joto la miguu. Joto tulilipata. Mvuke ukapanda, kioo cha darubini kikalowa, tukafuta, kikalowa. Tuliona Zohali mara moja, kama sekunde tatu, halafu tukaona kama mvuke wa chai. Vyombo vya kuangalia anga havipendi mvuke, na kioo hakifutwi kwa shati, unakiacha kikauke chenyewe. Haya.

Turudi kwa Baba Furaha. Kuhusu mwezi nilikuwa na hakika. Kurasa tatu tofauti zilisema jambo moja, zote nimeziweka Rubavu, wilaya yetu, saa ya hapa. Lakini yeye hakuwa anauliza mwezi tu, alikuwa anauliza samaki, na samaki hana ukurasa. Nikaandika kwenye ule ukurasa wa dunia: je, kuna mtu amewahi kuvua kwa taa mwezi ukiwa umepatwa? Majibu yakaja mengi, mazuri, ya kivuli na rangi na upana wa dunia. Ya samaki, hakuna. Siku mbili nikiamka naangalia simu kabla ya kunawa uso. Baba Furaha akipita anainua kidevu kuniuliza, nami natikisa kichwa.

Siku ya tatu ikaja kwenye simu sauti ya Mzee Hamisi. Alikuwa amekwenda kijijini kwa msiba, ndiyo maana alikawia.

"Fundi, sisi huku iliwahi kutukuta tuko majini, bila kupanga. Dagaa walipanda, lakini si wengi, na hawakukaa. Mwambie kapita wako hivi. Asiwashe taa mwezi ukianza kuliwa, angoje uwe mwekundu wote, halafu awashe zote kwa mara moja. Na wavu auinue mapema, kabla ule upande wa kwanza haujarudi kung'aa. Watu wake watamwambia ngoja kidogo, wanakuja, wanakuja. Asiwasikilize. Akingoja atainua maji matupu."

Nilimchezea Baba Furaha sauti ile mara tatu. Mara ya tatu alikuwa amefumba macho.

"Huyu muzee iko wapi?"

"Kigoma. Ziwa lingine."

"Umwambie aksanti. Umwambie nitainua mapema."

Kazi iliyobaki ilikuwa kumwambia Mwalimu Consolata. Alikuwa amewaita watu ufukweni, darubini imepangwa, na ameomba kila nyumba ya jirani izime taa. Na mimi nakwenda kumwambia kutakuwa na taa zinawaka katikati ya ziwa. Lakini hakukasirika. Alikuwa anamjua Furaha, alikuwa anajua habari ya wimbo.

"Zina kofia?"

"Nimezifunga mwenyewe."

"Then it's okay, Mzee. Waende."

Jioni ile jua lilizama vizuri, na mwezi ukatoka nyuma ya vilima mkubwa, mweupe, mzima kabisa. Nyinyi mliokuwepo mnakumbuka kicheko cha wavuvi wengine walipoona timu moja inabeba taa kwenda majini kwenye mbalamwezi ya kuokota sindano. Mmoja akawauliza kama wanakwenda kumulikia mwezi njia. Watu wa Baba Furaha walipanda kwa nyuso za kuburutwa. Alianzisha wimbo. Hawakuitikia. Tulisikia sauti yake peke yake ikienda mbali, na kasia zinagonga maji bila mpango. Furaha alikuwa amesimama karibu nami, akashika ukingo wa koti langu kama mtoto mdogo, na ni mtu mzima.

Halafu likaja wingu. Nilisali, siwafichi. Niliomba kwa Kinyarwanda, nikaomba kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Wingu likasogea kuelekea Goma, na lilipoondoka mwezi ulikuwa umeshaumwa pembeni. Wale waliokuwa wakicheka wakaacha. Ukaliwa taratibu mpaka ukabaki wa rangi ya tofali, na nyota zikatoka, nyingi, mahali ambapo dakika chache nyuma hapakuwa na kitu. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mana yanjye," Mungu wangu, kwa sauti ndogo. Mwalimu alikuwa kwenye darubini, watu wamepanga mstari. Mimi sikupanga. Mimi nilikuwa nayaangalia maji.

Giza. Bado giza. Nikasema moyoni, sasa, washa. Na taa zikawaka zote kwa mara moja, mbali kule, alama ndogo ya mwanga iliyolala juu ya maji na haikwenda juu hata kidogo. Ziwa zima lilikuwa na nuru hiyo tu.

Tukangoja. Ufukweni watu wanashangilia picha zao, mimi na Furaha tunautazama ukingo wa mwezi. Ukaanza kupauka rangi upande mmoja, ile dalili kwamba mwanga unarudi. Hapo ndipo nilipotoa simu, nikaanza kurekodi, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Mzee Hamisi habari, iwe ya heri au ya shari. Taa zikazimwa. Kasia zikaanza.

Walikuwa bado hawaonekani nilipomsikia Baba Furaha anaanzisha wimbo. Mstari wa kwanza ukapita, kimya. Furaha aliinama. Mstari wa pili akauimba polepole zaidi, sauti yake imechoka, na mwishoni mwake, pale wanapotakiwa kuingia, nikasikia sauti moja ya kijana ikimwitikia. Ilikuwa ya Toussaint. Halafu mwingine, halafu wote, na kasia zikaanza kugonga pamoja. Ufukwe mzima ukageuka kuwasikiliza, hata wale waliokuwa kwenye darubini. Mimi nililia, na sioni haya kuwaambia.

Walipofika walikuwa na beseni moja la sambaza na kitu kidogo. Ndiyo, moja. Tuliikaanga palepale, watu wa nyota na watu wa nyavu, kila mtu akapata kiganja. Nilimuuliza Toussaint nini kilitokea kule majini.

"Mi nilimwambia angoja," akasema, mdomo umejaa. "Wote tulimwambia angoja, samaki iko nakuja. Akakataa. Akasema inua, akashika kamba yeye mwenyewe. Tukainua, tukakuta hii. Tukashusha tena wavu kwa kumuonyesha kama alikosa. Ya pili tukainua maji." Akatafuna. "Yewe, alijua. Alijua mbele yetu."

Baba Furaha alibaki kapita misimu mingine mingi, na alipoiacha nafasi ile alimpa Toussaint kwa mkono wake, wakiimba. Lakini jioni ile mimi nilikuwa na deni la habari. Nilimtumia Mzee Hamisi ile sauti niliyoirekodi, nikaandika chini yake: beseni moja.

Jibu likaja tukiwa bado tunalamba vidole. Nikamwita Baba Furaha, nikaweka simu kati yetu. Hakukuwa na salamu wala swali. Kulikuwa na sauti ya mzee wa Kigoma, asiyejua neno hata moja la Kinyarwanda, ameusikiliza wimbo wetu mpaka pale wanapotakiwa kuingia, na anaitikia.